Jengo na Kiwanja: Namna ya Kumudu Kodi Mbili za Nyumba Yako Kigoma

Mwenye nyumba ndani ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji hudaiwa kodi mbili, ambazo watu wengi wamezichanganya zikawa moja. Ya kwanza ni kodi ya majengo, inayodaiwa kwa sababu umejenga. Ya pili ni kodi ya pangisho la ardhi, ile ambayo wazee wetu wanaendelea kuiita kodi ya kiwanja, inayodaiwa kwa sababu umemilikishwa kipande cha ardhi ambayo kisheria ni ya umma, chini ya Rais akiwa mdhamini wa wananchi wote. Ya kwanza hukatwa kimya kimya unaponunua umeme. Ya pili haikatwi popote, na usipoifuata mwenyewe inakaa na kuzaa riba. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia majirani wa Mwanga na Ujiji kupanga karatasi za nyumba zao, na kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni hilo: mtu anakuonyesha ujumbe wa LUKU, yaani wa umeme wa kulipia kabla, anakuambia kwa uhakika kwamba kodi ya nyumba analipa kila mwezi, kumbe kiwanja kina deni la miaka tisa.

Hapa nitaeleza namna ya kuzitambua kodi hizo, kuzikagua na kuzilipa kwa kiasi kinachostahili, kwa nyumba ya kawaida kwanza, kisha kwa nyumba ya ufukweni na kwa anayemiliki sehemu ya jengo la ghorofa.

Kodi ya majengo na mita yako

Kabla ya mwaka 2016, katika sehemu kubwa ya nchi, kodi hii ilikusanywa na halmashauri zenyewe. Julai 2016 kazi hiyo ilikabidhiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, na mwaka 2018 vikawekwa viwango vya jumla, shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na shilingi 50,000 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa mijini. Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 ikabadili njia ya kulipa: tangu Agosti mwaka huo kodi hukatwa katika ununuzi wa umeme, kwanza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila sakafu au kila makazi yanayojitegemea ndani ya ghorofa. Julai 2023 viwango vilipanda kufikia shilingi 1,500 na shilingi 7,500 kwa mwezi. Kwa hesabu ya mwaka mzima, nyumba ya kawaida hulipa shilingi 18,000, na sakafu moja ya ghorofa shilingi 90,000. Mifano yote iliyo hapa inafuata viwango hivyo vya 2023. Kwa kuwa Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, hakikisha kiwango kila unapoingia mwezi wa Julai.

Jambo la kwanza la kufanya ni kuusoma ujumbe wa tokeni hadi mwisho, badala ya kunakili tarakimu 20 na kuufuta. Katika fedha unayotoa kuna kodi ya ongezeko la thamani, kuna asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na hizo hupanda na kushuka kulingana na umeme ulionunua. Kodi ya majengo haifanyi hivyo. Ni kiasi kile kile kila mwezi, hukatwa mara moja katika mwezi, na ndiyo maana anayenunua umeme wa shilingi 5,000 mwanzoni mwa mwezi hupata yuniti chache kuliko anaponunua kiasi hicho hicho wiki mbili baadaye. Mwezi usiponunua umeme kabisa, deni halifutiki. Nyumba iliyofungwa kwa miezi mitano kwa sababu mwenyewe yuko Kasulu kwenye mashamba itakatwa shilingi 7,500 siku mita itakapoguswa tena, na mpangaji mpya anayefikia hapo na elfu kumi yake ataona kama ameibiwa. Mtaarifu mapema, au ulipe mwenyewe kabla hajaingia.

Sasa kuna tatizo la mita nyingi, ambalo ndilo linalowatoa watu fedha bila sababu. Nyumba zetu nyingi za kupangisha, hasa Katubuka, Gungu na Mwanga, zina mita tatu au nne kwenye jengo moja la chini, ili kila mpangaji ajitegemee. Kodi ni ya jengo. Mita ni njia tu ya kuikusanyia. Ikiwa mita zote tatu zinakatwa, nyumba moja inalipa shilingi 4,500 kwa mwezi badala ya 1,500, yaani shilingi 54,000 kwa mwaka mahali pa 18,000. Kagua hivi: omba kila mpangaji akuonyeshe ujumbe wa ununuzi wake wa kwanza katika mwezi, andika namba ya kila mita na kiasi kilichokatwa, kisha uulize TRA ya mkoa au Manispaa ni ofisi ipi inayoshughulikia kodi ya majengo, uende huko ukiwa na orodha hiyo, kitambulisho chako na uthibitisho wa umiliki, uombe mita zote ziunganishwe na jengo moja na ibaki mita moja ya kukatwa kodi. Usikubali jibu la mdomo. Peleka barua nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri na tarehe, kwa sababu mwezi ujao ukikuta makato yako pale pale, barua hiyo ndiyo itakayokufungulia mazungumzo.

Na mita hiyo moja ikiwa ni ya mpangaji, je? Sheria inamdai mmiliki wa jengo, hata kama fedha inatoka kwenye simu ya mpangaji. Kwa hiyo haki ni kwamba mpangaji apunguziwe kiasi hicho katika pango au arudishiwe, na ni vema jambo hilo liandikwe ndani ya mkataba kwa sentensi moja iliyo wazi. Nimeshuhudia ugomvi wa shilingi 1,500 ukimhamisha mpangaji aliyekuwa akilipa pango kwa wakati kwa miaka minne. Haukuwa na sababu yoyote ya kutokea.

Wapo wasiopaswa kulipa. Mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na vilevile mtu mwenye ulemavu asiye na chanzo cha kipato, husamehewa kodi ya nyumba moja anayoishi. Nyumba za udongo na za kuezekwa kwa nyasi zinazotumika kama makazi nazo zimeachwa nje, pamoja na majengo ya ibada yasiyotumika kibiashara. Lakini mita haijui umri wa mwenye nyumba. Bibi wa miaka 74 kule Rusimbi ataendelea kukatwa mpaka mtu apeleke maombi kwa niaba yake, akiambatisha kitambulisho cha taifa kinachoonyesha mwaka wa kuzaliwa, barua ya mtendaji inayomtambua kuwa mmiliki na mkazi wa nyumba hiyo, pamoja na namba ya mita. Kama una mzazi au mlezi wa umri huo, ifanye kazi hii wiki hii. Kisha mnunulie umeme kidogo mwanzoni mwa mwezi unaofuata, uone kama makato yamekoma kweli. Angalia pia jina lililo kwenye mita: nyumba nyingi za Ujiji zina mita iliyosajiliwa kwa jina la kijana aliyefuatilia umeme miaka hiyo, na maombi ya mzee hukwama hapo.

Kiwango cha jumla kina wepesi wake, na sina nia ya kuukana. Hata hivyo naamini si haki kamili, kwa kuwa nyumba ya vyumba viwili ya mama muuza dagaa hulipa sawasawa na nyumba kubwa ya chini yenye uzio, bustani na magari mawili. Sheria yetu ya mwaka 1983 ya kutoza kodi ya majengo ilijengwa juu ya thamani ya jengo, na ilihitaji wathamini wapite nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo haikuwahi kuwafikia wengi wetu.

Kodi ya kiwanja

Kodi ya pangisho la ardhi hutokana na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Hukadiriwa kwa kuzidisha ukubwa wa kiwanja kwa kiwango cha kila mita ya mraba, na kiwango hicho hubadilika kulingana na mahali kiwanja kilipo na matumizi yaliyoandikwa kwenye hati, ambapo makazi hulipa chini ya biashara. Tuseme kiwango ni shilingi 20 kwa mita, namba niliyoichagua kwa ajili ya hesabu tu: kiwanja cha mita 600 kitadaiwa shilingi 12,000 kwa mwaka, na cha mita 1,500 kitadaiwa shilingi 30,000, hata kama nyumba zilizopo juu yake ni za ukubwa mmoja. Ndiyo maana aliyenunua kiwanja kikubwa akajenga nyumba ndogo hushangaa.

Mwaka wa kodi hii huanza Julai 1 na kuishia Juni 30, na deni lililochelewa huongezeka kwa riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kwenye deni la shilingi 40,000 hiyo ni shilingi 400 kwa mwezi, kiasi kinachoonekana kidogo mpaka uzidishe kwa miezi na uongeze deni la kila mwaka mpya. Ili kulipa, tafuta kwanza namba ya kiwanja na herufi ya kitalu kwenye hati au barua ya toleo, kisha uombe ankara yenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba, kupitia mfumo wa e-Ardhi wa Wizara au kwenye ofisi ya ardhi ya Manispaa. Zamani mambo mengine ya ardhi ya Kigoma yalilazimu safari ya Tabora yalipokuwa makao ya kanda. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, kwa hiyo kisingizio cha umbali kimeondoka. Ankara ikitoka, lipa benki au kwa simu, na kabla hujalipa linganisha jina, namba ya kiwanja na ukubwa ulioandikwa. Ukikuta mita 960 wakati hati inasema 690, usilipe kwanza, funga safari ya ofisini. Ankara husahihishwa ofisini kwa kuwaonyesha ramani ya upimaji.

Usipolipa, utapewa notisi, na ukiendelea kunyamaza shauri laweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako mali yako yaweza kuamriwa ikamatwe kufidia deni. Juu ya hapo, kutolipa kodi ni uvunjaji wa masharti ya umiliki, na uvunjaji wa masharti waweza kufikia kufutwa kwa miliki yenyewe. Mwaka 2022 Serikali ilitoa msamaha wa riba kwa wenye malimbikizo ambao wangelipa deni la msingi. Wapo waliofaidika, na wapo ambao tangu hapo wamekaa wakisubiri msamaha mwingine huku riba ikipanda. Ushauri wangu ni kwamba uende na kuomba kulipa kwa awamu, kwa maandishi.

Mwenye nyumba juu ya ardhi ya kijiji mwenye hati ya hakimiliki ya kimila yuko chini ya sheria nyingine, ile ya Ardhi ya Vijiji, na haya ya ankara za kila mwaka kwa sehemu kubwa hayamhusu.

Nyumba za ufukweni

Kuanzia Kibirizi, kupita Bangwe hadi Katonga na kushuka Ujiji, Ziwa Tanganyika ni jirani wa maelfu ya watu. Anayetaka kununua au kujenga huko huuliza kwanza kama kodi itakuwa kubwa. Katika nchi kama Marekani, ambako mamlaka za mitaa hutoza kodi kwa thamani ya mali iliyokadiriwa, kuwa kando ya maji hupandisha kodi kwa kiasi kikubwa, na wapo wastaafu wanaolazimika kuuza nyumba kwa sababu thamani ya ardhi imepanda kuliko pensheni yao. Kwetu sivyo. Kodi ya majengo haitazami mandhari. Nyumba ya chini iliyoko Bangwe ikitazama maji hukatwa shilingi 1,500 sawa na iliyoko Businde. Mzigo wa nyumba ya ufukweni hapa uko kwenye mambo mengine, na hayo ndiyo ya kukagua.

La kwanza ni mteremko. Nyumba nyingi za mwambao wa Kigoma zimekaa kwenye kilima, kiasi kwamba ukiwa barabarani unaona nyumba ya chini na ukiwa ziwani unaona sakafu mbili. Je, ni ghorofa? Tofauti yake kwa mwaka ni kati ya shilingi 18,000 na shilingi 180,000, kwa hiyo usiache swali hili liamuliwe na mtu anayepita na daftari. Kibali cha ujenzi na michoro iliyoidhinishwa na Manispaa hutaja idadi ya sakafu. Hivyo ndivyo vya kwenda navyo ofisi ya kodi ya majengo. Na kama ndiyo kwanza unachora, mwambie mchoraji akueleze kama chumba cha chini kinachokusudiwa kuwa ghala kitahesabiwa kuwa sakafu ya makazi kabla hujaweka saini.

La pili ni matumizi. Nyumba ya ufukweni ina mvuto, na mvuto huo humfanya mwenyewe apangishe vyumba kwa wageni, baadaye aweke viti na jiko la samaki, na mwishowe awe na nyumba ya kulala wageni juu ya kiwanja ambacho hati yake inasema makazi. Hapo kodi ya pangisho la ardhi hubadilika mara matumizi yakibadilishwa rasmi kuwa ya biashara, na ikiwa hayakubadilishwa, umevunja masharti ya hati. Ni afadhali kulipa kiwango cha juu kwa halali kuliko kujenga biashara inayoweza kusimamishwa kwa barua moja. Fanya hesabu ya kodi mpya kabla ya kununua vitanda.

La tatu ndilo zito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ziwani shughuli za kibinadamu za kudumu zinazoweza kuharibu hifadhi ya maji na mazingira yake, na Sheria ya Ardhi nayo inaruhusu eneo la umbali huo kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Watu huniambia kwamba nyumba yao iko ndani ya mita hizo lakini kodi wanalipa, kwa hiyo Serikali imewatambua. Hapana, ndugu yangu. Stakabadhi ya kodi inathibitisha kwamba ulilipa. Haithibitishi kwamba una haki ya kuwa pale. Mita ya umeme haijui iko umbali gani kutoka majini. Kinachothibitisha haki ni hati, ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na kibali cha ujenzi, na ni karatasi hizo zitakazozungumza siku ya kuhamishwa. Ardhi ya mwenye haki ikitwaliwa kwa ajili ya mradi, sheria inataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati, ikijumuisha thamani ya ardhi na jengo, posho ya usumbufu, usafiri na makazi. Asiye na karatasi huingia kwenye tathmini akiwa dhaifu, hata kama amelipa LUKU bila kukosa.

Ziwa nalo halikai mahali pamoja. Katika miaka ya hivi karibuni, hasa kati ya 2020 na 2024, maji ya Tanganyika yalipanda hadi yakaingia kwenye makazi ya mwambao, hapa kwetu na hata ng'ambo, Bujumbura na Uvira. Nyumba iliyokuwa mita 70 kutoka majini inaweza kujikuta mita 30 bila kuhama. Kabla ya kununua, mlete mpima mwenye leseni apime kutoka alama ya maji ya juu, na waulize wavuvi wazee maji yalifika wapi mwaka 1964, maana mwaka huo nao yalipanda sana. Kama tayari una nyumba iliyozingirwa na maji na umehama, usiiache mita ikilimbikiza deni: andikia TANESCO iondolewe, andikia ofisi ya kodi ya majengo jengo liondolewe kwenye orodha, na uambatishe picha zenye tarehe na barua ya mtendaji. Kodi ya kiwanja itaendelea kuhesabiwa mradi miliki ingali jina lako, kwa hiyo amua mapema kama utakishikilia kiwanja au utaisalimisha hati kwa utaratibu wa ofisi ya ardhi.

Anayemiliki sehemu ya jengo

Kigoma bado tuna majengo machache ya aina hii, ila wana-Kigoma wengi wamenunua makazi ya ghorofani Dar es Salaam au Dodoma. Umiliki wake unaongozwa na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008: una hati ya sehemu yako, na pamoja na wenzako mnamiliki ngazi, paa, uwanja na vinginevyo vya pamoja. Kodi ya majengo kwa makazi yenye mita yake ni shilingi 7,500 kwa mwezi, na husomwa kwenye ujumbe wako wa tokeni kama nilivyoeleza.

Ada ya huduma unayoilipa kwa umoja wa wamiliki, ya ulinzi, lifti na usafi, si kodi, na isikufanye uamini kwamba kodi ya ardhi imo ndani yake. Uliza umoja huo kwa maandishi mambo mawili: kodi ya pangisho ya kiwanja kizima inalipwa na nani na kwa mgawanyo gani, na mita ya maeneo ya pamoja inakatwa kodi ya majengo au haikatwi. Kisha omba kuona stakabadhi ya mwaka uliopita. Mjomba wangu alinunua makazi ya aina hii, akalipa ada kwa uaminifu, na alipotaka kuuza akakuta kiwanja cha jengo zima kina malimbikizo ambayo hakuna aliyekuwa akiyalipa, kwa sababu kila mmiliki alidhani mwenzake ndiye anayelipa.

Ukinunua nyumba ya aina yoyote, mtake muuzaji akuonyeshe ankara ya ardhi isiyo na deni kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa uhamisho wa miliki hukwama deni likiwapo. Kwa nyumba ya urithi, anzeni na msimamizi wa mirathi. Yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuomba ankara, kuomba mita ziunganishwe na kuhamisha jina. Chukueni jalada moja la plastiki, mweke humo hati, kibali, ankara za kila Julai, stakabadhi zake, na karatasi yenye namba za mita zote za nyumba, na anayelihifadhi ajulikane na wengine wote kwa jina.